Tisini na Moja Niliyojipa Mwenyewe

Singida,
9 Agosti 2004

Baba,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake, usiikalie. Mimi sijambo. Chakula ni maharage, na maharage nayo hayajambo.

Naandika haraka kwa sababu kuna jambo. Kuna chuo kipya cha udaktari, cha binafsi, ambacho mwaka huu kinataka wasichana kumi na wawili walioko Kidato cha Tano, mchepuo wa sayansi, waingie chuoni moja kwa moja bila kusubiri Kidato cha Sita. Mwaka wa kwanza ni wa maandalizi, halafu miaka mitano ya udaktari wenyewe. Wafadhili wanalipa kila kitu mpaka sabuni. Mkuu wetu wa shule alipeleka majina na alama za muhula. Mimi nina tisini na moja ya kemia, themanini na nne ya baiolojia, fizikia usiulize. Jana imekuja barua kwamba nimechaguliwa. Nakala nimeiweka humu. Ni ya Kiingereza, ila muhuri utauona.

Kuna masharti mawili. La kwanza, nijibu kabla ya tarehe 30 Oktoba. La pili, anayeingia huko anaacha shule, kwa hiyo mtihani wa Kidato cha Sita haufanyi. Akishindwa ule mwaka wa maandalizi, anarudi nyumbani na cheti cha Kidato cha Nne tu, kama mtu ambaye Kidato cha Tano alikiona kwa mbali.

Nina miaka kumi na saba. Naomba ushauri wako, Baba. Niende au nisiende?

Mwanao,
Agatha Margwe


Dongobesh,
5 Septemba 2004

Agatha mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa kidole changu gumba kilichotaka kujua mkanda wa mashine ya kusaga unazunguka kwa kasi gani. Sasa kinajua.

Barua yako imetembea kuliko mimi. Juu ya bahasha umeandika Mbulu, Arusha. Mkoa wetu sasa ni Manyara, huu ni mwaka wa pili, na watu wa posta wamelichukua jambo hilo moyoni kuliko sisi wenyewe. Ilikwenda Arusha, ikakataliwa, ikarudi Babati, ikalala huko, ndipo ikapanda kuja huku kwetu. Abdulswamad mwenye duka, maana sanduku la posta ni lake, aliniletea mwenyewe mashineni nikiwa nimelala chini ya mtambo. Akasema, "Margwe, hii ina mihuri mingi ya posta. Nawa mikono." Nikamwambia afungue yeye, ya kwangu ina grisi. Kiingereza cha Abdulswamad ni cha maboksi ya bidhaa, lakini neno la pongezi analijua vizuri, liko kwenye kadi za harusi anazouza. Alipoliona akapiga kelele mpaka wanawake waliokuja kusaga mahindi wakadhani nimekatwa.

Jumapili Padre akalitangaza baada ya misa. Jumamosi iliyofuata wazee wakaja nyumbani. Mama yako alitengeneza pombe ya asali huku amenuna, na Mzee Akonaay akasimama kusema slufay. Wewe umekaa bwenini tangu ukiwa mdogo, nakukumbusha: mzee mmoja anaomba, mstari kwa mstari, wengine tunaitikia, na hakuna anayemkatiza mpaka amalize. Alianza na mvua, akaenda kwenye ng'ombe, akapita kwa akina mama wajawazito wote wa kata, na alipokufikia wewe jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba. Akaomba njia yako iwe laini, na kila utakayemgusa aamke. Tuliitikia mpaka koo zikakauka, ndiyo maana pombe ilikuwepo.

Tangu siku hiyo nimepokea magonjwa sita kwa niaba yako. Abdulswamad haniiti tena Margwe, ananiita Baba Daktari, na ananiuliza habari za presha yake, mimi niliyesomea grisi.

Mama yako amesema neno moja tu: "Mtoto ameuliza swali, wewe umempa pombe." Sikumwelewa. Swali gani?

Baba yako mwenye furaha,
Margwe


Singida,
19 Septemba 2004

Baba,

Shikamoo.

Lilikuwa swali, Baba. Lilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni, naikumbuka mwenyewe nilivyoichora.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Naona aibu, kwa sababu nimewaacha wazee wasimame jua zima bila kuwaambia jambo ambalo sikukuambia hata wewe. Nakuambia sasa. Tafadhali Mama asijue.

Tangu mwezi wa tano hatuna mwalimu wa kemia. Alipata kazi kwenye shule ya binafsi mjini, wanamlipa vizuri na wamempa nyumba yenye bomba ndani. Hatumlaumu, hata mimi ningekwenda kuliona hilo bomba. Aliacha daftari lake la masomo. Mwalimu wa taaluma akanipa mimi, akasema niwe naandika ubaoni wenzangu wanakili mpaka mwalimu mwingine aje. Mwalimu mwingine hajaja. Kwanza nilikuwa nanakili tu. Halafu wakaanza kuuliza maswali, ikabidi nijibu, na ili nijibu ikabidi nisome usiku na mchana. Sasa wananiita Madamu, na yule Saumu wa kutoka Katesh ananipigia saluti bafuni.

Mtihani wa muhula uliletwa kutoka shule nyingine, lakini wa kusahihisha hakuwepo. Nikapewa majibu, nikapewa kalamu nyekundu, nikasahihisha darasa zima. Karatasi yangu ilikuwa ndani ya rundo hilo hilo.

Kwa hiyo ile tisini na moja nimejipa mwenyewe. Naapa sikujipendelea. Lakini hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuapa hivyo, ni mimi tu, na mimi ndiye niliyefaidika. Tena daftari la mwalimu liliishia katikati. Baada ya hapo kuna kemia nyingi ambayo hapa shuleni hakuna aliyewahi kuiona, na mtihani ulikuwa wa yale ya mwanzo tu.

Nikienda, naenda na alama nisiyojua kama ni yangu. Nisipokwenda, wazee wameshaniombea, na sijawahi kusikia mtu aliyeombewa akasema basi, nimeghairi. Nifanyeje?

Agatha


Dongobesh,
4 Oktoba 2004

Agatha mwanangu,

Marahaba. Mara hii uliandika Manyara, na imefika kwa siku tisa. Posta wamekusamehe.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nikuambie jambo ambalo nalo sijawahi kulisema, ili tuwe sawa.

Unajua kwamba Baba yako Mdogo Lukasi alikatwa vidole vitatu na kombaini la kuvunia kule kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, mwaka tisini na moja, na unajua kwamba kombaini lilikuwa bovu. Ndivyo tulivyosema wote. Kombaini halikuwa bovu. Lilikuwa jipya.

Mimi nilikuwa fundi msaidizi. Ufundi niliupata kwa kushika spana wakati wazungu wanafungua mashine, na kuuliza baadaye, wakishaondoka, kwa kuifungua tena mwenyewe. Walipokwenda kwao moja kwa moja, meneja akasema, "Margwe, kuanzia Jumatatu wewe ndiye mkuu wa karakana." Habari ilifika Dongobesh kabla yangu. Nilikuta wazee uani, pombe iko tayari, na marehemu babu yako amevaa koti lake la Krismasi. Wakaniombea. Siku ile nilitaka kusema kwamba zile mashine mbili mpya sizijui, kitabu chake sijakisoma, nimeangalia picha tu. Lakini nani anasimama katikati ya slufay aseme samahani, jamani? Nikaitikia pamoja na wengine. Nilinyamaza wiki tatu. Wiki ya nne mabua yakakwama mbele ya kombaini, Lukasi akainama kuyatoa, akaniuliza, "Imezimwa?" Nikavuta kile chuma ambacho kwenye mashine za zamani ndicho kilichokuwa kinazima. Nikamwambia, "Imezimwa."

Aliniamini kwa sababu nilikuwa mkuu wa karakana.

Jana, kabla ya kukuandikia, nilimwendea Lukasi nikamwambia yote. Alikuwa anakamua ng'ombe kwa mkono wake mzima. Hakugeuka. Akasema, "Miaka kumi na tatu, Margwe. Ulikuwa unatafuta spana?" Halafu akanipa maziwa.

Sikuambii ukatae. Wewe si mimi, na tisini na moja huenda ni yako kweli, hata tisini na tano. Ninachokuambia ni kidogo. Waandikie wenye chuo, waambie nani alisahihisha. Mkuu wa shule mwambie kwanza, kwa heshima, asisikie kwa watu. Halafu wao waamue kama wanakutaka, na wewe uamue kama unawataka. Uamuzi wako wowote mimi nitaufurahia. Wazee niachie mimi.

Mama yako hajui chochote.

Baba yako,
Margwe


Dongobesh,
5 Oktoba 2004

Agatha,

Naandika kwenye karatasi ya daftari la kwaya, Baba yako yuko mashineni. Anaamini sijaisoma barua yako. Aliificha ndani ya boksi la spana, ambalo katika nyumba hii mimi ndiye ninayelifuta vumbi.

Na aliyokuandikia jana nimeyasoma kabla hajaifunga bahasha, ni ya kweli. Lakini kuna ambalo hakukuandikia. Mnada wa mwezi uliopita alinunua koti jeupe la mitumba, akalitundika nyuma ya mlango wa stoo. Sista wa parokia aliyasoma maandishi ya mfukoni akaniambia ni jina la duka la nyama la huko Ulaya. Sijamwambia Baba yako. Juzi nilimkuta amelivaa, ameinamisha kichwa, anajaribu kusimama kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kwa hiyo akikuambia uamuzi wako wowote ataufurahia, ujue anajikaza.

Sikuambii hivi ili nikubane. Nakuambia ili ukiamua, uamue huku unajua yote, siyo nusu. Usimwonee huruma sana. Alinioa akiwa ameniahidi trekta, na hakufa nilipomwambia kwamba nimegundua halipo.

Mimi sijanunua kitu. Nataka mtoto anayelala usingizi wake vizuri. Udaktari utafuata au hautafuata.

Hii usimtajie.

Mama yako,
Fransiska


Singida,
14 Novemba 2004

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeichelewesha makusudi ili ikufikie baada ya siku ya mwisho kupita, usije ukapanda basi ukaja.

Nilimwambia Mkuu wa shule. Alifungua dirisha, akalifunga. Akauliza, "Ulijiongezea au ulijipunguzia?" Nikamwambia nilijikata alama moja kwa mwandiko mbaya. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akasema maneno hayo alitakiwa kuyaandika yeye tangu mwanzo. Alikwenda mjini mwenyewe kupeleka faksi.

Wenye chuo hawakukasirika. Walinisogezea siku ya kujibu mpaka tarehe 12 mwezi huu, wakamtuma mwalimu wao, mama mmoja mfupi mwenye mkoba mzito, na karatasi ya mtihani wa kemia iliyofungwa kwa lakiri. Nilikaa nayo ofisini saa tatu. Alisahihisha hapo hapo, mimi nikiangalia miti nje.

Hamsini na mbili. Ya kufaulu kwao ni hamsini. Kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu, halali kabisa, kwa alama mbili.

Akanirudishia karatasi niione. Yale niliyowafundisha wenzangu ubaoni nimepata karibu yote, na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Yale ambayo hayakuwa kwenye daftari la mwalimu sikupata hata moja. Mengi niliyaacha wazi. Lakini mawili niliyajibu, Baba, kwa kujiamini, mistari imenyooka, hesabu imepigiwa mstari chini, na yote ni upuuzi mtupu. Yale niliyoyaacha wazi hayakunitisha. Yale mawili ndiyo yaliyonitisha. Niliyaangalia nikamwona Baba Mdogo ameinama, ananiuliza.

Nikamwuliza yule mama kama mwaka wa maandalizi wataanzia hapo. Hakunidanganya. Akasema wanaanzia baada ya hapo, siku ya kwanza, na kwamba wapo wanaokimbiza mpaka wakafika, na wapo wasiofika, naye hawezi kuangalia uso wangu akajua mimi ni yupi.

Nilifikiri siku mbili. Niliweka upande mmoja wafadhili, na mwaka mmoja ambao ningeuokoa, na wazee, na jua lile zima, na mambo mengine ambayo sitayataja. Upande wa pili niliweka ile karatasi. Nimekataa. Nimewaandikia kwamba nashukuru na kwamba nitamaliza Kidato cha Sita kwanza. Nafasi anapewa mwingine. Hawajaniahidi kitu, na ufadhili ulikuwa wa kundi hili tu. Nikimaliza nitaomba kama watu wote, hapo au kwingine.

Jana nililia. Leo nimefundisha. Yule mama aliniachia kitabu chake, kizito kama jiwe la kusagia, na anwani yake, akasema nikikwama nimwandikie. Nimeshamwandikia maswali kumi na moja. Saumu anasema mama wa watu atahama anwani. Na Saumu huyo huyo ameacha kunipigia saluti, sasa anakaa na mimi tunafungua hicho kitabu sura kwa sura, kwa sababu amesema hataki kusahihishwa na mtu asiyejua.

Mimi ni daktari bado, Baba. Sijaacha. Nimesogeza tu.

Ila sijui wazee utawaambia nini. Kama kuna namna ya kuomba radhi, waambie kosa ni langu, usilibebe wewe. Ulishabeba.

Mwanao,
Agatha


Dongobesh,
28 Novemba 2004

Agatha mwanangu,

Marahaba.

Sitakudanganya, nilikaa chini. Nilizima mashine, watu wakalalamika unga wao, nikawaambia wasubiri. Kuna kitu nilikuwa nimekinunua, si kitu cha maana. Baadaye nilisoma tena pale ulipoandika kwamba wewe ni daktari bado, nikawasha mashine.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa Mzee Akonaay. Lukasi alinisindikiza bila kuombwa. Tuliwakuta wazee watano wamekaa ukumbini kwake, wanabishana kuhusu mbegu za serikali. Nikawaeleza yote. Nilianza na kombaini, kwa sababu niliona siwezi kuwaeleza habari zako nikiwa nimeficha zangu. Lukasi aliuweka mkono wake mezani, kila mtu anauona. Halafu nikawaeleza ya kwako: kalamu nyekundu, mama mfupi, hamsini na mbili.

Mzee Sulle akasema, "Kwa hiyo amefeli."

Nikasema, "Amefaulu."

"Sasa kama amefaulu, amekataa nini?"

"Amesema bado hajui vya kutosha."

Ukumbi ukawa na maneno. Sulle akasema maombi yalishatumika na asali ilishanyweka, hayo mambo hayarudishwi kama sufuria ya kuazima. Mwingine akasema labda maombi hayo tumpe binti wa Sulle, anasomea ushonaji, asali isipotee bure. Mzee Akonaay alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kumbe anakumbuka.

Akauliza, "Siku ile nani alisimama?"

Tukasema, "Wewe."

"Nilitaja chuo?"

Hakutaja. Jina lenyewe hakulijua.

"Nilitaja barua? Nilitaja tarehe thelathini ya mwezi gani sijui?"

"Hapana, Mzee."

"Nilimtaja mtoto. Mtoto yupo?"

"Yupo."

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Basi mnalia nini hapa?" Halafu akapandisha suruali, akatuonyesha goti lake la kulia, limevimba kama boga. Akasema ana miaka kumi nalo. Amelipeleka zahanati, amelipeleka kwa mganga, na tangu waliporuhusu kila mtu afungue duka la dawa amelipeleka maduka yote kuanzia hapa mpaka Mbulu mjini. "Kila mmoja anajua," akasema. "Mmoja anajua ni baridi. Mwingine anajua ni chumvi. Mwingine anajua ni jirani yangu. Nimekunywa kujua kwao mpaka tumbo likaharibika. Katika umri huu wote sijakutana na mtu wa dawa aliyeniambia hajui, akaenda kusoma kwanza. Huyo wenu anamaliza lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Kidato cha Sita, halafu miaka mitano, halafu ule wa kujifunzia hospitalini. Nikasema ikienda vizuri ni miaka minane.

Mzee Akonaay ana miaka themanini na mbili. Alinyoosha mguu, akauangalia muda mrefu, kama ninavyoangalia mimi mkanda kabla sijaamua kama utafika msimu ujao.

Akasema, "Mwandikie kwamba nitangoja."

Nimekuandikia.

Baba yako,
Margwe